Filimbi ya Leodegar

Ilikuwa mwaka 2018. Hapana, naongopa, ni 2021, maana mke wangu alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nashinda barazani kwa Leodegar kwa kukosa wa kuongea naye.

Leodegar alikuwa fundi viatu, mtu wa Kahama, jirani yangu hapa Kiwalani, na kiongozi wa ulinzi shirikishi wa mtaa. Shingoni filimbi, haivui hata akioga. Kijijini kwao, alinisimulia, filimbi ikilia watu wote hutoka, mshukiwa anakalishwa katikati, anaulizwa mara tatu, na hakuna wa kumgusa.

Nami nikamsimulia ya babu yangu. Babu alikuwa akisema zamani mwizi alikuwa shauri la majirani. Askari walikuja na Mjerumani, kulinda boma na kudai kodi ya vibanda. Mwingereza akawabadilisha kofia tu.

Leodegar alicheka. "Kumbe! Kwa hiyo hawakuletwa kwa ajili yetu?"

Laiti ningenyamaza.

Asubuhi moja, saa mbili hivi, Editha muuza chapati alimkamata Alfonsi, mbeba mizigo wa soko la Mabibo. "Mtungi wangu wa gesi uko wapi, we mbwa? Jana si ulikuwa unaukodolea macho!"

"Dada Editha, mie hata jiko la gesi sina. Niupeleke wapi?"

Leodegar akaingilia, akamkalisha chini mbele ya baraza. "Kaa, mdogo wangu. Hapa huguswi."

"Shikamoo mzee. Naomba unipeleke kituoni."

"Kituoni ukafuate nini? Wale si wetu, muulize huyu mzee. Yataisha hapa hapa."

Alfonsi akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Filimbi ikalia mara tatu. Majirani wakatoka, kweli. Lakini hapa mjini filimbi haisikiwi na majirani peke yao. Wakaja watu wa barabarani, ambao sijapata kuwaona, mawe mkononi kabla hawajauliza kitu.

"Kaeni! Tunauliza kwanza!" Leodegar akapiga kelele.

"Babu, toka hapo, usije ukaunganishwa!" mmoja wao akamjibu.

Akamlalia Alfonsi. Wakamvunja Leodegar mkono, wakamburuta pembeni, wakamrudia Alfonsi. Mie sikuinuka barazani.

Mtungi ulikuwa kwa shemeji yake Editha. Aliuchukua alfajiri akaujaze, hakuaga.

Leodegar hashoni tena, mkono haukunyooka. Mtu akipita mbio nje, anafunga mlango. Nikienda kumjulia hali hunikaribisha, kisha husema tu, "Nilimwambia huguswi."

Polisi walifika siku ile Alfonsi ameshafunikwa khanga ya Editha. Nilimfuata aliyekuwa akiandika. Akaniangalia, akaangalia khanga, akafunga daftari lake, akaenda. Nimewauliza na wengine tangu hapo, na mjumbe, na padri, hata mwenyewe Leodegar. Nilichomwambia yule askari ni hiki tu: "Afande, huyu aliomba aletwe kwenu. Tungemleta, angekuwa hai?"