Kitanda Alichochoma Ardis Labounty

Ardis Labounty alikuwa mpishi wa shule hapa Barton, kaskazini mwa jimbo la Vermont nchini Marekani, mpaka magoti yalipomkatalia. Jirani zake tulimjua kwa kutopenda msaada. Jimbo lilipotangaza kwamba litaziba nyufa za nyumba za wazee na kuwafungia mashine za umeme za kupasha joto bure, alisema hayo ni ya wenye shida. Aliyemwandikisha ni bintiye Corinne, ambaye alikuwa akija Jumapili, anakunywa kahawa na koti mwilini, kisha anaaga.

Fundi wa jimbo, Duane, alikuja asubuhi moja ya Oktoba, Corinne akiwapo. Akafunga feni kubwa mlangoni ivute hewa, ili ajue nyumba inavuja wapi. Kisha akaomba milango yote ya ndani ifunguliwe.

"Huko juu hapana," Ardis akasema. "Pamejaa takataka."

Duane akamweleza kwa upole kwamba mlango mmoja ukibaki umefungwa, kipimo kinaharibika. Basi feni itolewe, Ardis akajibu, hataki tena. Corinne akaona haya kumpotezea mtu muda, akapanda ngazi mwenyewe, akafungua.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda alicholalia utotoni hakikuwapo, wala kabati la bibi yake. Sakafuni zilibaki alama za miguu ya fanicha hizo tu. Aliposhuka, macho yalimwendea jiko la kuni, na msumeno ulioegemezwa ukutani, akakumbuka viti vya sebuleni alivyoambiwa vimepewa kanisa.

"Mama, vile viti..."

"Mafuta ya kupasha nyumba joto yaliisha Februari," Ardis akasema, akitazama viganja vyake. "Kuni nazo zikaisha."

"Si ungenipigia simu."

"Nikwambie nini, mwanangu? Kwamba nachoma kitanda chako?"

Duane akajifanya anakagua dari. Corinne uso ulimwiva. Miaka mingi hakuwahi kupanda ngazi zile. Kila akihisi baridi ya nyumba ile, alikumbuka ana haraka.

Kabla ya theluji kuta zilijazwa pamba ya kuzuia baridi, mashine ikafungwa. Krismasi Corinne alileta godoro, akalala katika chumba kile cha juu. Palikuwa na joto la kutosha kuvaa shati tu. Lakini asubuhi, aliniambia, walikaa mezani kila mmoja akitazama kikombe chake. Mama akamsogezea mkate wa mdalasini, naye akaula wote.