Feni ya Mama Asilimia

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, shangazi yangu alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama miguu yake kama msimamizi anavyowatazama vibarua waliochelewa. Ilikuwa imevimba hata kabla siku haijaanza. Aliibonyeza kwa kidole, akangoja kishimo kijae, kisha akaiambia, "Haya, twendeni." Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakiniamsha.

Alikuwa mpimaji katika maabara ya serikali. Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilibandikwa karatasi inayosema inatengenezwa. Karatasi yenyewe ilishageuka njano. Kazi yake ilikuwa kupima alkoholi iliyomo kwenye vitakasa mikono. Ugonjwa ulipoingia na watu wakaambiwa wasafishe mikono kila wanapogusa kitu, kila mwenye ndoo na mwiko aligeuka mtengenezaji wa sanitaiza. Chupa zilimfikia kwa maboksi: za bluu, za kijani, zenye harufu ya ndimu, zenye harufu ambayo hakuna aliyeijua. Dawa ikiwa chini ya asilimia sitini haiui vijidudu sawasawa, na aliyeitengeneza anafungiwa. Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Asilimia.

Mashine yake ilitumia miale ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Alinieleza siku moja akiwa amelala chali, miguu juu ya mto. Kuna kijiwe kinachong'aa, kidogo kama punje ya mchele. Unaweka tone la sanitaiza juu yake. Mwanga unapita kwa chini, unaligusa tone, unarudi. Alkoholi ina sehemu ya mwanga inayoipenda, inaimeza. Mashine inaangalia kilichorudi, inajua kilichomezwa, halafu inachora mstari wenye milima. Mlima wa alkoholi ukiwa mrefu, dawa ni kali. Ukiwa mfupi, mtu anauza maji.

"Na ikidanganya?" nilimuuliza.

"Mashine haina njaa, mwanangu. Itadanganya kwa faida ya nani?"

Mama yangu naye alifanya kazi upande wa pili wa chupa hizohizo. Alikuwa akijaza sanitaiza kwenye karakana ya mtu mmoja wa mtaani kwetu, ambaye zamani alitengeneza sabuni ya maji, na watu wakamwita Povu. Baba alikuwa akifanya kazi mbali na alikuja kwa nadra, hivyo nyumba ilibebwa na hao wawili, mama na wifi yake. Walipendana kwa namna yao ya kuchokozana. Mama alikuwa akisema, "Wifi, leo umemfungia nani?" Na shangazi anajibu, "Kesho nakuja kwenu, oga vizuri." Kisha wanacheka.

Siku moja kicheko kikaisha, maana chupa ya Povu ilifika kwenye meza ya shangazi na ikatoka asilimia hamsini na nane.

Povu alikuja nyumbani jioni, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuwa mtu wa makelele.

"Dada, nimekuja kwa heshima. Niambie nimekosea wapi nirekebishe."

"Ongeza spiriti," shangazi alimwambia. "Upungufu wako ni mdogo."

Aliongeza. Chupa ya pili ikatoka hamsini na tisa. Akaongeza tena, ya tatu nayo ikakataa kufika. Alirudi mlangoni, safari hii hakuvua kofia.

"Dada, nimeongeza mpaka wafanyakazi wanatoka machozi. Nikiongeza tena si nitakuwa nauza petroli?"

"Kaka, mimi sina neno langu. Nasoma kilichoandikwa."

Wiki hiyohiyo wakaja watu wa ofisi wakatia kufuli karakana. Mtaani Povu akapata jina jipya, Mzee wa Maji, na watoto walimwimbia akipita. Mama akakaa nyumbani. Akawa anafua nguo ambazo hazikuchafuka.

"Mimi ndiye ninayemimina," alimwambia shangazi. "Mapipa ya spiriti nayaona yakifunguliwa. Macho yangu haya, wifi, si ya kuazima."

"Mashine haina wifi," shangazi akasema.

Hilo neno lilimkaa mama kooni. Kuanzia hapo walisemeshana kupitia kwangu. Mwambie shangazi yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba. Nami nilikuwa katikati yao, na kwa kweli hawakuwa wakigombana, walikuwa wamechoka tu, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuanza kupatana.

Shangazi alizidi kuchoka. Joto lilikuwa kali na dirisha la maabara yao halikufunguka, lilishagandamana na rangi. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameomba feni. Aliomba sana, mpaka mwenzake mmoja, mwanamume wa makamo waliyemwita Kasuku kwa kuongea kwake, akaopoa moja stoo na kuifunga ukutani, ikimwelekea usoni.

"Sasa Mama Asilimia ana upepo wake binafsi," Kasuku alisema. "Bado kitanda tu."

Walimletea na kigoda pia. Shangazi alisema ile feni ilimpa mwaka mwingine wa kufanya kazi.

Basi, jioni moja tulikuwa tunakula. Dirisha lilikuwa wazi na kulikuwa na upepo. Ghafla mama akainuka, akachukua chupa ya Povu iliyobaki kabatini, akadondosha tone moja mezani, mbele kabisa ya sahani ya shangazi.

"Hayo ndiyo maji, wifi. Yatazame maji yako vizuri. Wewe uliona wapi maji yanayokauka hivyo?"

Shangazi alikuwa na tonge mkononi. Hakulipeleka kinywani. Alitazama lile tone likisinyaa kutoka pembeni kuja katikati, na mama alikuwa bado anaendelea kusema, kwamba watu wana watoto, kwamba mtu mzima anaimbiwa na watoto njiani.

"Weka lingine," shangazi akasema.

"Unanicheka?"

"Sikucheki. Weka lingine, wifi. Na wewe mwanangu, chukua huo mfuniko wa sufuria ulipepee."

Nikapepea. Tone likaisha upesi kuliko la kwanza. Shangazi akarudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akakaa akiitazama meza kavu.

"Mimi huwa nakaa," alisema.

Mama hakuelewa, nami sikuelewa. Akatueleza, polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe kwanza. Sheria ya ile mashine ni kwamba ukishaweka tone, unalifunika kwa kifuniko chake, unabonyeza palepale. Kifuniko kilipasuka zamani, wakaahidiwa kingine, hakikuja, wakazoea kufanya bila hicho. Haikudhuru, maana alikuwa akibonyeza haraka. Lakini siku hizi, ikifika mchana, miguu haimbebi. Anaweka tone, anavuta kigoda, anakaa, anajinyoosha mgongo, ndipo anabonyeza. Na muda wote huo feni inavuma. Spiriti ndiyo inayotangulia kuondoka. Maji yanabaki nyuma. Mwanga ukija unakuta kilichobaki.

"Asubuhi napima kwanza ile dawa ya kulinganishia, ambayo kiwango chake kinajulikana," alisema. "Napima nimesimama, bado nina nguvu. Inatoka sawasawa. Ndiyo maana sikushtuka. Halafu kila chupa nilikuwa naipima mara tatu, na mara zote tatu nakaa."

Mama alikuwa ameshika chupa bado. Nilidhani atapiga kelele. Aliifunga tu, akasema, "Kula, wifi, chakula kinapoa." Lakini shangazi hakula.

Yaliyotokea kesho yake nimeyapata kwake kidogo kidogo, na mengine kwa Kasuku, ambaye alikuja kutusimulia akiwa na sauti ya chini isiyo yake.

Shangazi alifika mapema, akatoa chupa ya tatu ya Povu kwenye kabati. Aliwasha feni, akaweka tone, akakaa kama alivyozoea, akabonyeza. Hamsini na tisa. Kisha akazima feni, akasafisha kijiwe, akaweka tone lingine, akalifunika kwa kizibo cha chupa ya soda, akabonyeza akiwa wima. Sitini na nne. Akarudia mpaka Kasuku akamwambia imetosha. Akachukua chupa nyingine zilizokataliwa tangu feni ifungwe, zile ambazo bado zilikuwepo. Kadhaa zilibaki chini kabisa, hizo zilikuwa maji kweli. Lakini nyingine zilipanda, ile ya kwanza ya Povu ikiwemo, na zilikuwa za watu ambao yeye aliwahi kuwaona wakilia pale mapokezi.

Akaenda kwa mkuu wa maabara. Mkuu alikuwa mwanamke wa umri wa kuzaliwa na shangazi, na alimwita mama. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama, hili tutalirekebisha. Tutawaandikia kwamba kulikuwa na hitilafu ya mashine, walete sampuli upya. Barua ipite ngazi zake, itachukua muda kidogo."

"Mashine ni nzima, bibie. Mimi ndiye nilikuwa nakaa."

"Sasa mama, nitaandikaje hivyo kwenye barua ya ofisi? Nakulinda wewe. Umebakiza kidogo ustaafu."

"Ukiandika mashine, watatengeneza mashine. Feni itabaki palepale, na atakayekuja baada yangu naye ana miguu." Akavuta pumzi. "Na yule mzee anaitwa muuza maji na mtaa mzima. Wifi yangu naye hana kazi. Ngazi zenu hizo nazijua, mimi nimezipanda mpaka leo."

Akatoa simu palepale akampigia Povu, akaweka spika ili mkuu asikie. Kasuku alikuwa mlangoni.

"Kaka, dawa yako ni nzima. Imefika sitini na nne. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza."

Upande wa pili kikasikika kiti kikisogezwa.

"Dada, kufuli iko mlangoni mwangu. Sasa watu niwaambie nini?"

"Waambie mpimaji alichoka."

"Niwaambie hivyo?"

"Hivyohivyo. Na ukimjua mwingine aliyefungiwa mwaka huu, mwambie aje adai apimwe upya."

Mkuu alijishika kichwa. Alisema, bila ukali, kwamba sasa suala limetoka nje na haliko tena mikononi mwake, watakuja wakubwa kuuliza, na mpaka watakapomaliza kuuliza itabidi shangazi asiguse mashine.

"Utakaa mapokezi kwa sasa, mama. Utakuwa unapokea chupa. Kule kuna kiti kizuri."

Kasuku anasema hapo shangazi alicheka. Kicheko kidogo tu, cha puani.

Kufuli ya Povu ilifunguliwa kabla mwezi haujaisha, na mama akarudi kwenye chupa zake. Asubuhi ya kwanza alivaa kitambaa kipya kichwani, akapita mbele ya shangazi, kisha akarudi akamwekea chai pembeni. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile shangazi alirudi kwenye meza yake. Alivua koti jeupe, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya kigoda. Akafunika kijiwe kwa kile kizibo. Watu wawili walikuwa wameshafika na chupa zao, wamesimama wakingoja, na mmoja akamuuliza kama yeye ndiye mpimaji. Alimwonyesha Kasuku.

"Unaenda kunywa chai?" Kasuku alimuuliza.

"Ukiweka tone, bonyeza kwanza," alimwambia. "Mengine baadaye."

Alishuka ngazi zote za ghorofa tatu akishika ukuta, akipumzika kila penye kona. Chini, mlinzi alimwambia mbona mapema hivyo mama, hata mchana haujafika. Akamjibu kwamba anajua. Akangoja magari yapungue, akavuka barabara na mkoba wake begani. Watu wa mapokezi walimwekea kile kiti siku mbili tatu, kisha wakakitumia kuwekea maboksi, kwa sababu hakurudi.