Kiti cha Arlen kwenye Meza ya Wakubwa

Mara ya kwanza Arlen Tveit kuingia dukani kwangu, alizungukazunguka kwenye samani kuukuu kwa muda mrefu bila kusema anataka nini. Sikushangaa. Hapa Nordby, kaskazini mwa Minnesota, nyumba ya mtu inaweza kuungua naye akakuuliza kwanza unaionaje hali ya hewa. Nikamwacha azunguke. Mimi nawapenda wateja wanaochelewa kusema shida yao, maana wakishaisema wanakuwa wamechoka, hawana tena nguvu ya kubishana bei.

"Kahawa?" nikamwuliza.

"Aa, usijisumbue."

"Ipo tayari, Arlen."

"Hapana, bwana, nimekunywa nyumbani."

"Nakumiminia kidogo tu."

"Haya basi, kama ipo tayari."

Ndivyo tulivyo. Kitu hutolewa mara tatu. Mara mbili za kwanza mwenye adabu hukataa, na ya tatu hupokea kana kwamba yeye ndiye anayekufanyia hisani. Anayepokea mara ya kwanza atazungumziwa kanisani mpaka Pasaka.

Kahawa ilipofika nusu kikombe, shida ikatoka. "Merle, unayo meza ya kulia watu kumi na watatu?"

"Nani anayelisha watu kumi na watatu?"

"Shangazi Ardis. Sikukuu ya Shukrani."

"Si ana meza tayari?"

"Ya kumi na wawili," akasema, akaitazama sakafu yangu kama mtu aliyekiri kosa.

Hapo nikaelewa. Arlen alikuwa na miaka arobaini na sita. Majira ya baridi aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani, majira ya joto alitengeneza mashine za kukatia majani. Alikuwa zimamoto wa kujitolea, na aliwahi kujilaza juu ya barafu ya ziwa akamvuta mtu aliyekuwa amezama hadi mabegani. Alikuwa na nyumba yake na sharubu zenye mvi. Na kila Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo ukoo mzima hula pamoja, mtu huyu alikula bata mzinga kwenye meza ya watoto, magoti yamegusa kidevu, katikati ya watoto wanaomwaga maziwa, akinywea kikombe cha plastiki chenye picha ya sungura.

Meza ya watoto ni meza ya kukunja, ya kuchezea karata, nayo huwekwa karibu na mlango wa jikoni. Unakaa hapo mpaka kiti kipatikane kwenye meza ya wakubwa, na kwa kina Tveit kiti hupatikana mtu akifa. Ukoo wenyewe una afya nzuri mno kwa mtu anayesubiri: wanafika miaka tisini wakilalamika magoti tu. Halafu waliooa wana haki ya kukaa na wake zao. Mama mdogo Borghild alipofariki, Arlen alivaa tai siku ya sikukuu. Kiti akapewa mke wa binamu yake, aliyeingia kwenye ukoo mwezi wa Juni.

"Mbona hujawaambia?" nikamwuliza.

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba unataka kiti."

Akanitazama kana kwamba nimemshauri avunje benki. "Mtu hasemi hivyo, Merle."

Basi badala ya kusema sentensi moja, alikuwa amekuja kununua meza. Nami nina watoto wa kulisha? Sina. Lakini nina duka, na duka nalo hula.

"Na ile ya zamani mtaipeleka wapi?" nikauliza, nikipangusa vumbi mahali pasipo na vumbi.

"Ndiyo taabu nyingine hiyo. Ni lile dude la mwaloni la babu, miguu yake minene kama ya tembo. Shangazi hulichukia. Anasema halipanguseki."

Ilinibidi nigeuke nikohoe. Ile meza niliijua. Watu wa mjini wenye meno mazuri wangepigana kwa ajili yake.

"Nitakusaidia kuiondoa," nikasema kwa huzuni ya kutosha.

Tukakubaliana. Yeye achukue meza yangu nyepesi ya mbao za kubandika, yenye ubao wa kuongezea katikati; ukiuongeza, meza bado inaenea chumbani kwa Ardis, na kinapatikana kiti kimoja tu cha ziada. Mimi niondoe ule mzigo wa mwaloni, naye asafishe theluji uani kwangu msimu mzima. Alinishukuru mara mbili. Mtu akinishukuru mara mbili huwa najua ningeweza kupata zaidi, kwa hiyo nikaomba nyongeza, kama desturi yangu.

"Na chakula cha mchana siku hiyo," nikasema. "Mimi huwa nakula supu ya kopo peke yangu."

"Karibu sana!" akasema. Ile furaha yake ilinitia wasiwasi kidogo, lakini sikuifikiria zaidi.

Alhamisi ikafika. Kwa Ardis kila mtu ana chakula chake cha maisha, hakibadilishwi. Ardis mwenyewe anapika bata mzinga na ule mkate wa vitunguu na majani ya seji unaoshindiliwa tumboni mwa ndege huyo. Dada yake huleta viazi vitamu vilivyofunikwa peremende laini nyeupe zilizoungua juu. Mke wa binamu, yule wa Juni, alipewa jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo kwetu huitwa saladi, na hakuna aliyewahi kuimaliza wala aliyethubutu kuiondoa. Jamu nyekundu lazima itoke koponi ikiwa na alama za kopo, la sivyo wazee wanauliza nani mgonjwa. Na asiye na mke huleta barafu. Nje theluji imefika madirishani, lakini Arlen huingia na mfuko wa barafu wa dukani kila mwaka.

Meza yangu ilikuwa imetandikwa ikapendeza. Viti kumi na vitatu. Mjomba Orvin, mume wa Ardis, alisimama na kisu chake cha umeme kikinguruma juu ya bata mzinga kama msumeno. Arlen alikuwa amenyoa sharubu. Alisimama nyuma ya kile kiti kipya, sahani mkononi, mkono mwingine umeshika mgongo wa kiti kidogo tu, kwa vidole.

"Merle!" Ardis akaita akitokea jikoni. "Usisimame huko kama mpiga mnada. Mgeni anakaa hapa." Akakipiga kile kile kiti.

Kila mtu anajua mgeni hukaa na wakubwa. Mimi nilijua, Arlen alijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka siku ile tunapatana bei.

Arlen akaondoa vidole. "Karibu, Merle," akasema, akaanza kwenda zake mlango wa jikoni.

Mimi si mtu wa machozi. Lakini Desemba, Januari na Februari zilikuwa bado mbele yangu, na uwanja wangu wa kusafishwa theluji ni mpana. Nikasema kwa sauti, "Mama Ardis, Arlen ndiye aliyeileta meza hii, na aliileta kwa ajili ya kiti hiki."

Kisu cha umeme kikazimika. Mjomba Orvin akatazama viazi. Maneno ya wazi namna hiyo hayakuwa yamesikika katika chumba kile tangu kilipojengwa.

"Arlen!" Ardis akasema. "Ni kweli? Sisi tulidhani unapenda watoto."

"Nawapenda, Shangazi."

"Basi njoo ukae huku. Merle tutambana hapa pembeni."

"Aa, hapana. Niko sawa kule."

"Una uhakika?"

"Kabisa, Shangazi. Msijisumbue."

Hizo zilikuwa mara mbili. Nilimwona akiteremsha mabega, anajiandaa kupokea ile ya tatu. Ardis akafungua mdomo. Wakati huohuo msichana mmoja, Junie, mwenye miaka minane, akapiga kelele kutoka meza ya watoto: "Bibi! Torsten ameingiza mkono kwenye viazi vitamu mpaka kwenye kiwiko!"

Ardis akakimbia na kitambaa. Aliporudi, mchuzi ulikuwa unapoa, Orvin amewasha kisu, na mambo ya viti yalikuwa yamepita. Mara ya tatu haikuja.

"Anko Arlen, sogea, unanibana," nikamsikia Junie akisema. "Na mbona umenyoa? Unafanana na kuku aliyenyonyolewa."

"Kula, mama," Arlen akamjibu.

Nilikula nikiwa nimebanwa kati ya mazungumzo mawili ya nyonga bandia. Bata mzinga alikuwa mkavu kifuani, kama inavyopasa; ndiyo sababu ya mchuzi. Arlen alisafisha theluji yangu msimu mzima hadi ukingoni mwa mlango, wala hakulitaja jambo lile hata siku moja. Kutoka kwa mtu wa kwetu, hiyo ni hasira kali.

Mwezi wa Machi Mjomba Orvin akafa usingizini. Novemba iliyofuata Arlen akapewa kiti cha Orvin, bila kuulizwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kukataa. Akakaa. Sharubu zilikuwa zimeota tena. Ila kwenye meza ile alikuwa ndiye mdogo kuliko wote, na mdogo ndiye anayetumwa. Arlen, chumvi. Arlen, leta mikate. Arlen, hebu tazama pai ya maboga kama imeiva. Nadhani matako yake yaligusa kiti kile wakati wa sala tu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo bila nyongeza ya mshahara.

Na mimi? Ile meza ya mwaloni iko kwa daktari mmoja wa meno Minneapolis, aliyenilipa bila kubishana. Hapo nilishinda. Lakini mwaka ule Ardis alikuwa amemwalika mchungaji mpya, na mtu anayekuja mara ya pili si mgeni tena, ni wa nyumbani. Wa nyumbani ana sheria zake. Kwenye simu niliambiwa nilete barafu, na nilipofika nikaonyeshwa mlango wa jikoni.

"Karibu," Junie akaniambia, akisukuma kuelekea kwangu kikombe cha plastiki chenye sungura. "Hicho ni chako sasa."