Ngazi Ilibaki Ofisini

Siku yangu ya kwanza kazini, patron, bosi wangu, hakunionyesha kalamu wala rula. Alikuwa msanifu wa majengo, na bureau yake, yaani ofisi, ya Butembo ilikuwa na meza mbili na dirisha moja.

"Paluku, kuchora ni kazi yangu," aliniambia. "Yako ni kufanya batu balipe makaratasi."

Nyinyi vijana mnadhani kuwadai watu pesa ya michoro ni kazi nyepesi. Mteja wa kwetu hulipia saruji bila kununa, kwa sababu saruji anaibeba. Ramani anaiona karatasi tu. Kwa hiyo ada yetu, yaani honoraires, tuliigawa mara mbili: nusu akiagiza esquisse, mchoro wa mwanzo, na nusu kwa ramani kamili ya kumpa mwashi. Wengi waliondoka na esquisse wakapotelea huko. Patron akabuni dawa yake: kwenye esquisse ya nyumba ya ghorofa, hakuchora ngazi. Ngazi ilitoka na nusu ya pili.

Mama Katungu, muuza vitenge, alitaka ghorofa kule Beni, njia ya Mavivi. Alichukua esquisse amwonyeshe mumewe, na tangu hapo simu hashiki.

"Kama huyu mama hapana kulipa," patron akasema, "mwisho wa mwezi unarudia kijijini kwenu Kasugho kulima."

Niliogopa kweli. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na jembe lilinishinda tangu ujana.

Nikaenda Beni. Nyumba nikaikuta imekwisha, ina balcon, roshani ya juu, ya kupendeza, na ukutani imeegemezwa ngazi ya mafundi, ya miti ya mikaratusi. Padri alikuwa ametoka kuibariki. Mama mkwe wa Katungu alikuwa amepandishwa na wanawe wawili akaone chumba chake, na sasa kushuka amekataa katakata.

"Miye hapana tumbili!" alipiga kelele kutoka balcon. "Nitakufia hapa hapa!"

Mama Katungu aliponiona akanirukia. "Papa Paluku! Makaratasi yenu iko na makosa! Ngazi iko wapi?"

"Iko ku bureau, Mama. Inakungojea."

Akamgeukia mwashi wake, aliyesimama kando. "Na weye, hapana kuona?"

"Mama, niliuliza. Ukasema nifuate karatasi, nisiongeze hata tofali."

Akaitazama balcon, akanitazama mimi. "Donc, basi, nilipe ngazi tu."

"Ngazi haiuzwi peke yake, Mama."

"Katungu, lipa!" ikashuka sauti ya mama mkwe.

Akalipa yote, papo hapo. Nilirudi Butembo nikiimba peke yangu kwenye pikipiki. Ngazi ilibidi ipite katikati ya stoo yake ya vitenge, na mpaka leo ananisalimia kwa nusu mdomo.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga, patron alinizawadia ramani ya nyumba yangu ya uzeeni. Machozi yalinilenga. Lakini kazi ni kazi: kabla ya kusema asante, niliikunjua mbele ya wageni nikaikagua. Ghorofa hakuna, kwa hiyo ngazi haihitajiki. Nikazunguka kuta zote kwa kidole.

"Patron, mlango iko wapi?"

"Iko ku bureau," akasema. "Utaupata lundi, ukisha kumufundisha Kahindo kazi yako."

Jumatatu nilikwenda kumfundisha huyo binti. Mlango nilipewa. Madirisha bado.