Jina Langu Kwenye Ukurasa wa Idi

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama. Nyumbani wanaamini nilipitiwa. Sikupitiwa, nilikusudia. Kaka yangu alipokuwa akiaibika mbele ya wazee wa msikiti, mie nilikuwa uani nakuna nazi huku nacheka peke yangu.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, kwetu ni Mtoni. Ni mtu wa haya. Mgeni akija naingia ndani na kitabu changu. Kaka ninayemsema ni mtoto wa mama mkubwa, tumwite Nasri. Anafundisha kwenye kituo cha kompyuta kilichofunguliwa hapa mtaani, na nikitoka shule huniachia mashine moja ya pembeni. Hapo ndipo nilipotunga programu ya kupanga saa za daku, futari na swala za hapa Dar. Kanuni za jua nilizitafuta mwenyewe kwenye vitabu vya jiografia.

Ramadhani ilipokaribia, Nasri aliinakili kwenye disketi akawaambia wazee kaitunga yeye. Baba alirudi msikitini kifua mbele. "Umemwona kaka yako? Mwenzio anatumia kichwa." Nilipomfuata Nasri kituoni kumwambia ile ni yangu, alinicheka mbele ya wanafunzi wake. "Wewe? Unaona haya hata kumwita muuza samaki, leo umekuwa fundi wa kompyuta?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikaapa atanitambua.

Kumbe programu yenyewe ilimgomea. Niliijenga kwa namna ambayo mahesabu yanakaa kwenye faili la pembeni, linaloitwa maktaba, na programu huliita kila inapofunguliwa. Ni kama mpishi anayeazima mbuzi ya kukunia nazi kwa jirani kila jioni. Nasri alimbeba mpishi, mbuzi akaiacha kituoni. Kwenye kompyuta ya mwenyekiti wa msikiti, iliyoko dukani kwake, haikufunguka.

Akanijia mpole. "Mdogo wangu, mbona hivi?"

"Hukuchukua maktaba. Nikunakilie?"

"Sitaki mambo ya faili mbili mbili. Vitie vyote humo humo, kiwe kitu kimoja, nisije nikakuhitaji tena."

Nisije nikakuhitaji tena. Maneno hayo nililala nayo. Kwanza niliwaza kusogeza saa za futari, watu wafuturu jua halijazama, wamlaani yeye. Nikamwogopa Mungu. Saumu za watu haziingii kwenye ugomvi wangu. Halafu nikakumbuka ukurasa wa swala ya Idi. Huo hauchapwi mpaka mwezi uandame, na Nasri hakuwa na sababu ya kuutazama. Nikaandika mstari mmoja ndani ya maktaba, kisha nikayaunganisha mahesabu yote ndani ya programu, kama alivyotaka. Akaondoka na disketi yake bila hata ahsante.

Mwezi ukaandama. Mwenyekiti akachapa ukurasa, akausoma kwa sauti mbele ya kamati, mpaka chini: "Imetungwa na..." jina langu na la baba yangu. Nasikia alimtazama Nasri, akasema, "Kijana, wewe lako liko wapi?"

Nasri alikuja nyumbani mbio. "Litoe jina lako!"

"Halitoki, kaka. Lingekuwa faili la pembeni ungelibadilisha. Ulitaka vyote humo humo. Tui likishaingia mchuzini, nani atalitoa?"

Baba alipotuingilia nikasema nilipitiwa, jina nililisahau humo. Akagonga meza. "Hata kama ulipitiwa, umemwaibisha kaka yako siku ya Idi! Utamtengenezea nyingine isiyo na jina lako, na utamwomba radhi." Hakuuliza hata mara moja nani aliitunga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko cha darasa zima.

Wasomaji wenzangu, baba simpingi, na kwa Nasri moyo umekataa kabisa kupoa. Nishaurini, je, mtoto akiamriwa kuomba radhi kwa aliyemwibia, afanyeje?

Mtanisamehe, majibu yenu sikuyangoja. Jana nilikwenda kituoni nikaiunganisha upya, vyote humo humo. Jina nimelitoa kwenye ukurasa wa Idi, nimeliweka kwenye kila ukurasa uliobaki. Disketi nimempa Nasri mkononi, mbele ya baba, nikainama nikamwambia, "Shikamoo kaka, nisamehe."