Fomu ya Maji

Mwaka 1991 nilipata kazi ya kuuliza watu maswali, na sijapata tena kazi iliyonifaa kama ile. Tangu utotoni nilikuwa mdadisi wa kuudhi; mama alikuwa akisema hata malaika akija kunichukua nitamuuliza kwa nini amechelewa. Sasa chuo kikuu kilikuwa tayari kunilipa kwa tabia hiyohiyo.

Utafiti wenyewe ulihusu maji. Wafadhili wa Ulaya walikipa chuo fedha ili kijue familia za Kigali zinachota maji wapi, kiasi gani, na nani anayabeba. Nilishangaa kweli. Mtu ameketi huko kwao Ulaya, anataka kujua mama yangu anapanda kilima na jerikani ngapi! Mhadhiri aliyesimamia kazi alikuwa na ofisi ya kuazima Kacyiru, na alinichukua kwa sababu moja tu: mtaa wetu wa Biryogo unazungumza Kiswahili, na Kiswahili chake yeye kiliishia kwenye kununua nyama.

Siku ya kwanza nilipiga hodi kwa jirani, mwanamke aliyenijua tangu nikibebwa mgongoni. Nikajitambulisha kwa maringo kwamba nimetumwa na watu wa "recherche", kama tulivyouita utafiti pale ofisini kwa Kifaransa.

"Hapa haiko mtu anatafutwa," alisema. "Iko mimi na watoto tu." Akafunga mlango.

Nyumba ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Hapo ndipo akili iliponirudia, nikaona haya. Mwaka uliotangulia, vita vilipoanza kaskazini, wanaume wengi wa mtaa wetu walichukuliwa na askari kuhojiwa, na hao askari walikuwa na neno hilohilo mdomoni, kwa maana yake nyingine ya kusaka watu. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Alikaa ndani miezi mitano. Aliporudi aliketi kwenye cherehani yake, na tangu siku hiyo akawa hajibu swali. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, anakitazama kikombe. Wateja walizoea kumpa kitambaa na kumwonyesha kwa mikono mshono wanaoutaka. Mama alijaribu, akalia, akaacha.

Nilimweleza mhadhiri yote.

"Anza na nyumba yenu," aliniambia kwa Kifaransa. "Baba yako akikataa, nani mwingine atakufungulia? Niletee fomu yake Ijumaa, tuendelee. La sivyo mtaa wenu nautoa, nahamia Gatsata."

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nilivuta kigoda mbele ya cherehani. Nilikuwa nimeshaamua neno lile silitaji tena.

"Baba, watu wa chuo wanataka kujua habari za maji."

Hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono, akaichukua fomu, akaisoma kuanzia juu. Kidole chake kilisimama kwenye swali la nne: majina ya wote waliolala nyumbani usiku uliopita.

"Hili nimeshaulizwa," alisema.

Nikaichukua fomu na kulikata swali la nne kwa kalamu, nikakandamiza hadi karatasi ikachanika. Mhadhiri angejua mwenyewe la kufanya. Kisha nikauliza la tano: maji tunachota wapi?

"Bombani, kule chini ya msikiti."

Jerikani ngapi?

"Sita. Siku ya kufua, nane."

Anabeba nani?

"Mama yako. Na wewe, ukiwa huna maswali."

Nilicheka kwa furaha mpaka kalamu ikaniponyoka. Lilibaki moja: kwa siku, mtu mmoja anatumia maji kiasi gani?

Baba aliondoa mguu kwenye pedali.

"Kule ndani, kikombe moja, watu wanne," alisema. "Mwenye homa tunamwacha anywe kwanza. Siku ingine kikombe haikuja. Andika."

Fomu ilitaka lita, tena za nyumbani. Niligeuza karatasi nikaandika upande wa nyuma, naye akaendelea polepole: nani alikuwa akigawa, nani alinyimwa, nani mwishoni hakuweza kumeza hata alipopewa. Sikumuuliza chochote. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo atanyamaza.

Tulipomaliza ukurasa niliona mama amesimama mlangoni, birika mkononi, na sikujua alikuwa pale tangu lini.

"Miezi yote hii," alimwambia, sauti ikimkatika. "Nimekuuliza kama walikupiga. Nimekuuliza nani alikuchongea. Mimi hukuniambia kitu."

Baba alirudisha mguu kwenye pedali.

"Maji hukuniuliza," alisema.