Tulimnyang'anya mama funguo za pickup, kumbe tatizo ni hydraulic ya power steering

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza kitu. Nimebadilisha majina tu, maana kaka yangu naye yumo humu jukwaani na ana hasira za karibu.

Mama yangu ni mkulima, anaishi Rutamba. Baba alipofariki alituachia pickup ya Kijapani, ya zamani kweli, yenye bodi gumu ambalo ukiligonga linalia kama kengele ya shule.

Mama ndiye dereva. Anashusha mihogo na ndizi Lindi mjini, anapitia kwangu Mtanda kunywa chai, anarudi zake.

Basi siku hizi kona zikaanza kumshinda. Juzi kati anaingia kwangu, badala ya kukata kona akaenda moja kwa moja kwenye uzio wa mabati wa jirani. Hakuumia mtu, ila kuku walitawanyika na mmoja mpaka leo hajulikani alipo.

Nikampigia kaka Hashimu, yuko Dar.

"Bi mkubwa keshazeeka," akasema. "Chukua funguo kabla hajaua mtu."

Nikazichukua. Niliomba kwa adabu zote, lakini jambo kama hilo hata uliseme vipi kwa mama yako, linauma tu.

Akaziweka mezani. "Mikono yangu naijua, mwanangu. Lakini kama mmeshakubaliana, haya."

Chai hakuimaliza.

Akalala kwangu. Asubuhi nikasema nimrudishe Rutamba kwa gari hilo hilo, mimi naendesha, yeye kiti cha abiria.

Wakuu, kutoka kwenye uchochoro wangu tu nililowa jasho! Usukani mgumu kama kuna mtu kaushika upande wa pili. Pampu ya usukani inalia kama mbuzi aliyefungiwa. Mimi binti mwenye nguvu zangu, netball nacheza, nikashindwa kukata kona ile ile.

Nikasimama katikati ya njia. Nikamfikiria anavyopigana na usukani huu toka Rutamba, mzigo umejaa nyuma.

Mama alikuwa anaangalia dirishani. Bora angenigombeza.

Badala ya Rutamba tukaenda kwa fundi Salumu, ambaye gereji yake haiko mbali. Akafungua kopo la hydraulic ya usukani, akachovya kidole. Nyeusi tii, nzito kama uji wa ulezi.

"Hii kaweka nani?"

"Mimi," mama akasema. "Niliona imepungua, nikachukua dumu la marehemu stoo. Yeye angeweka kitu kibaya kwenye gari lake?"

Salumu akanusa. "Oil yenyewe nzuri, mama. Ila ni ya difu. Mzee aliinunua kwa ajili ya kule nyuma kwenye ekseli."

Mama akacheka kidogo, halafu akajifuta macho na ncha ya mtandio. Mimi nikajifanya naangalia matairi.

Sasa wenye magari ya zamani hapa msome taratibu.

Nilitumwa dukani nikanunue hydraulic. Muuzaji akanipa brake fluid, eti "yote ni hydraulic hiyo dada". Salumu aliposikia kwenye simu nusura aje mwenyewe. Hiyo inaharibu seal za mpira kwenye pampu. Kulikuwa na chupa nyingine imeandikwa power steering, lakini ni ya magari mapya ya kampuni fulani. Salumu huko gereji akafuta kifuniko cha kopo kwa petroli, maandishi yakaonekana, akanisomea: ATF, yaani mafuta ya gia otomatiki, aina ya Dexron. Ile nyekundu kama juisi ya rozela. Nikaleta hiyo.

Akapiga jeki mbele, akachomoa mpira wa kurudishia hydraulic kwenye kopo, injini imezimwa, mama akawa anazungusha usukani kushoto na kulia huku uchafu unatoka na mpya inamiminwa juu. Mpaka ikatoka nyekundu safi. Seal zilikuwa hazijadhurika na ile oil ya difu.

Funguo nilimrudishia kabla hata jeki haijashushwa. Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

"Panda twende, jua linakuwa kali," akanijibu.

Kona ya kutoka gereji aliikata kwa mkono mmoja.

Njiani Hashimu akapiga. "Funguo ziko wapi?"

"Kwa mwenye gari," nikamwambia. Mama akapiga honi ndefu ili asikie vizuri.

Nilichojifunza: kabla hujaamua kuwa mzazi kazeeka, kaa kwenye kiti chake ushike usukani mwenyewe. Na soma kifuniko kabla hujamimina chochote.

Wenye pickup za zamani, hasa mlioko Somanga na Kilwa mnaobeba mizigo, ninyi mnaweka nini? Na kuna aliyewahi kuponea chupuchupu baada ya brake fluid? Karibuni.